Alizeti Iliyoachwa Ikauke

Mwezi wa Agosti katika jimbo la Iowa, katikati ya Marekani, alizeti zilizopandwa uani huwa zimeanza kuinama. Petali zimenyauka, uso wa ua umekuwa wa kahawia, na mwenye bustani anayependa usafi ameshachukua mkasi. Hapo ndipo ndege mdogo anapotua. Uzito wake ni gramu 11 hadi 20. Mwili wake una manjano ya limau lililoiva, mabawa ni meusi yenye mistari myeupe, na kofia ndogo nyeusi imekaa juu ya paji la uso. Anashika ukingo wa ua kwa kucha, anajiinamisha kichwa chini miguu juu, anachomoa mbegu, anaibana pembeni mwa mdomo na kuiviringisha mpaka ganda lipasuke. Kiini kinamezwa, ganda linaanguka. Kisha nyingine, kisha nyingine.

Mkasi ungefika siku mbili mapema, asingekuwapo.

Kiswahili kina neno la kumwita. Mtu asiyefunga mdomo huambiwa anaongea kama chiriku, na aliyetunga usemi huo bila shaka aliwahi kukaa karibu na kundi la ndege hao. Chiriku wa Afrika Mashariki, wale wenye tumbo la manjano wanaookota mbegu za nyasi pembezoni mwa mashamba, ni wa familia moja na huyu wa Marekani, familia ambayo wataalamu huiita Fringillidae. Kwa watu waliohamia Des Moines na Iowa City kutoka Kongo na Burundi wakiwa na Kiswahili chao, jina basi halitafutwi mbali: ni chiriku, chiriku wa dhahabu. Naye pia hanyamazi. Akiruka huchapa mabawa akapanda, huyafumba akashuka, huchapa tena akapanda, kama ngalawa inayovuka mawimbi, na njiani hutoa sauti nne za haraka zinazofuatana. Wamarekani husikia humo jina la chipsi zao za viazi, po-tei-to-chip.

Carl Linnaeus, mtaalamu wa Sweden aliyempa jina la kisayansi mwaka 1758, alimchagulia neno la Kilatini tristis, maana yake mwenye huzuni. Majimbo matatu ya Marekani yalimwona kwa jicho jingine. Iowa ilimfanya ndege wake rasmi mwaka 1933, New Jersey ikafuata mwaka 1935, na Washington mwaka 1951.

Anayetaka kumwona ndege huyu kila siku nyumbani kwake kwa kawaida huanza kwa kuuliza anunue nini. Maduka yana majibu tele: mirija ya plastiki yenye matundu membamba, vifuko vya wavu, mbegu nyeusi za kupimwa kwa kilo. Lakini ukifuata maisha ya chiriku mwenyewe, msimu baada ya msimu, unakutana na swali jingine, nalo lina uzito zaidi: mwenye ua yuko tayari kuacha nini?

Aache kwanza kukata tamaa ifikapo Oktoba. Wakati huo watu wengi hulalamika kwamba chiriku wao wameondoka, wakashusha vyombo vya kulishia wakavifungia stoo, na kumbe ndege wapo palepale. Chiriku wa dhahabu hubadilisha manyoya ya mwili mara mbili kwa mwaka, jambo lisilo la kawaida katika ukoo wake. Mwishoni mwa kiangazi manjano hupukutika, na badala yake huota manyoya ya rangi ya majani makavu, kati ya kijivu na kahawia. Dume hupoteza kofia yake. Hata mdomo, uliokuwa na rangi ya chungwa, hufifia. Anayemtafuta yule wa limau hamtambui huyu aliyevaa kanzu ya vumbi, ingawa anakula kwenye tundu lilelile. Ikifika Machi na Aprili manjano huanza kurudi kiraka kwa kiraka, na ndege hufanana na ukuta ambao fundi rangi ameuacha nusu akaenda kula. Rangi yenyewe hutoka katika chakula, kwenye viini vya jamii moja na vile vinavyoipa karoti na boga rangi zao.

Aache pia haraka. Ndege wengi wa huko huanza kutaga majira ya kuchipua. Robini, yule mwenye kifua chekundu, huwa tayari na kiota mwezi wa Aprili. Chiriku husubiri. Juni inakwisha, Julai inaingia, wengine wameshatoa makinda yao, ndipo jike anapoanza kufuma. Anachokisubiri ni mibaruti na mimea mingine ya porini iive na kupasuka, itoe mbegu na ile sufi yake nyeupe inayopeperushwa na upepo. Mbegu ni chakula cha makinda, na sufi ni godoro lao. Kiota hufungwa kwenye panda ya tawi kwa utando wa buibui na kufumwa kwa nyuzi za mimea mpaka kikabana sana, kiasi kwamba kikijazwa maji kinaweza kuyashika. Ndani yake jike huatamia mayai manne, matano au sita, yenye weupe wa samawati, kwa muda wa karibu wiki mbili. Dume humletea chakula hapohapo alipokaa.

Ni kwa sababu ya chakula cha makinda kwamba ratiba yake imechelewa hivyo. Ndege wengi wanaokula mbegu huwapa watoto wao wadudu, kwa kuwa kinda linalokua linahitaji protini nyingi. Chiriku wa dhahabu huwalisha makinda mbegu zilizolainishwa katika koo la mzazi. Mambo hayo yanajulikana hata kwa ajali inayompata mgeni asiyealikwa. Kuna ndege mweusi mwenye kichwa cha kahawia, afuataye makundi ya ng'ombe, ambaye hutaga katika viota vya wengine na kuwaachia kazi ya kulea. Akitaga kwa chiriku, kinda lake huanguliwa na kulishwa kama wenyeji, lakini ni nadra kuishi zaidi ya siku tatu. Mbegu peke yake hazimtoshi.

Kwa hiyo bustani ya kumvuta ndege huyu ni bustani inayoruhusiwa kuzeeka. Uani mwa nyumba nyingi za Marekani kuna zulia la nyasi zilizonyolewa kila wiki, na kwa chiriku zulia hilo ni jangwa: hakuna ua linalofikia mbegu, hakuna sufi. Hali hubadilika mtu anapotenga hata kona moja ya alizeti, ekinasia, rudbekia, zinia na kosmosi, kisha, maua yakiisha, akazuia mkono wake. Vichwa vilivyokauka vibaki juu ya mashina msimu wote wa baridi. Kuna mmea wa asili wa nyanda za kati, Silphium perfoliatum, unaostahili nafasi katika ua wowote mkubwa. Majani yake hukutana kulizunguka shina yakafanya bakuli, mvua ikinyesha maji hutuama humo, na chiriku hunywa akiwa juu ya chakula chake. Mibaruti ya asili nayo ipo ya kupanda, kama Cirsium discolor wenye maua ya zambarau. Hiyo isichanganywe na mbaruti uliotoka Ulaya na Asia, unaotambaa kwa mizizi na kuvamia mashamba, ambao sheria za majimbo mengi zimeuweka katika orodha ya magugu yasiyotakiwa.

Hata majani huliwa. Wakulima wa bustani ndogo huona majani ya alizeti yamechanwa vipande, au ile mboga ambayo sokoni Dar es Salaam na Nairobi huitwa spinachi imebaki mishipa mitupu, wakalaumu viwavi. Mara nyingine mla mboga ana mabawa.

Mimea hii ina undugu ambao macho hayauoni mara moja. Alizeti, mbaruti, ekinasia, zinia, hata yale maua ya manjano yanayojiotea kwenye nyasi na ambayo mtoto hupuliza sufi yake, yote ni ya familia moja kubwa, Asteraceae. Mdomo wa chiriku, mwembamba na mkali kama kibano, unafaa kabisa mbegu za familia hiyo. Na ndiyo maana mbegu inayopendwa kuliko zote katika vilishio vya Marekani inatoka kwa ndugu yao wa mbali, aliyekulia kwenye nyanda za juu za Ethiopia.

Waethiopia huiita nug. Jina lake la kisayansi ni Guizotia abyssinica. Mmea unasimama na maua ya manjano ambayo mpita njia angeyadhania alizeti ndogo, na mbegu zake ni nyeusi, nyembamba, zenye kung'aa. Theluthi moja ya uzito wa mbegu, na mara nyingi zaidi ya hapo, ni mafuta. Huko kwao hukamuliwa kwa ajili ya mapishi tangu kale, na India nayo huzilima. Zinazoelekea Marekani haziingii zikiwa na uwezo wa kuota. Sharti zipitishwe kwenye joto la nyuzi 120 kwa dakika 15, kwa kuwa katika magunia huweza kujificha mbegu za magugu, hasa ule mmea mnyonyaji usio na majani unaojisokota juu ya mimea mingine kama mlangamia wa pwani. Wauzaji wengi waliziita mbegu za mbaruti, ingawa si mbaruti. Jina lao jingine la biashara, niger, lilitamkwa na watu wengi vibaya hata likafanana na tusi wanalotukanwa watu weusi. Mwaka 1998 chama cha wafanyabiashara wa chakula cha ndege kikasajili jina jipya, Nyjer.

Safari ya mbegu hiyo ina safari nyingine inayokutana nayo njiani. Alizeti ni mzaliwa wa Marekani Kaskazini. Wenyeji asilia wa bara hilo waliifanya zao la shamba zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, kabla Wahispania hawajaivusha bahari katika karne ya 16. Leo Singida na Dodoma wanaikamua mafuta, na mkulima wa huko anaijua kama zao lake mwenyewe. Nug ya Ethiopia inamlisha ndege wa Iowa, na ua la kwao ndege huyo linakaanga chakula cha Mtanzania.

Mwenye kununua nug anatakiwa kuijua kama mama anavyoijua karanga. Mbegu iliyokaa sana dukani hukauka mafuta au kuota ukungu, na chiriku huigusa kwa mdomo na kuitupa. Kipimo chake ni ukucha wa kidole gumba: mbegu ikibanwa juu ya karatasi nyeupe iache alama ya mafuta. Isipoacha, mfuko huo umechelewa. Anunue kidogo, aweke pakavu, na kilishio kisinyeshewe, mbegu zisije zikagandamana zikawa donge. Kisha angoje. Kilishio kipya huweza kuning'inia wiki kadhaa bila mgeni hata mmoja, mpaka siku chiriku mmoja anayepita ashuke kukagua. Kesho yake wanakuja watatu, na wiki ikiisha wapo kumi na tano, wanagombea vijiti, wanafungua midomo kutishana, wanaongea wote kwa pamoja.

Kuna vilishio vilivyotengenezwa na mtu aliyewaangalia vizuri. Kijiti cha kusimamia kimewekwa juu ya tundu, si chini yake, hivyo mlaji hana budi kuning'inia kichwa chini. Shomoro huona taabu. Chiriku, aliyezoea kula juu ya ua linaloyumba, hana habari.

Watu hawakumpenda ndege wa aina hii kwa njia hii siku zote. Huko Ulaya yuko chiriku mwingine wa dhahabu, mwenye uso mwekundu, ambaye jina lake ndilo walowezi walilompachika huyu wa Marekani. Kwa karne nyingi alifungwa vizimbani na kufundishwa kuvuta maji kwa kindoo kidogo kilichofungwa kwenye uzi. Mchoraji wa Uholanzi Carel Fabritius alimchora mwaka 1654: ndege mmoja, ukuta mweupe, kisanduku cha chakula, na mnyororo mwembamba mguuni. Picha hiyo ipo hadi leo katika jumba la Mauritshuis mjini The Hague. Kilicho ndani yake ni kilishio, na mlaji asiyeweza kuondoka.

Marekani ilipiga marufuku biashara ya ndege wake wa porini kwa sheria ya mwaka 1918 ya kuwalinda ndege wanaohama. Wafanyabiashara wachache waliendelea kwa siri. Mwaka 1940, huko New York, ndege wa magharibi mwenye kifua chekundu, binamu wa chiriku, aliyekuwa akiuzwa vizimbani kinyume cha sheria, aliachiwa huru na wauzaji waliohofia kukamatwa. Ndege hao wachache walizaana wakaenea mashariki yote. Majira ya baridi ya mwaka 1994, karibu na jiji la Washington, D.C., walianza kuonekana kwenye vilishio wakiwa na macho yaliyovimba na kutoa usaha. Chanzo kilikuwa bakteria aliyejulikana kwa kuwaambukiza kuku. Ndege asiyeona hukaa kilishioni muda mrefu, akijisugua kwenye tundu, na anayekuja baada yake huingiza kichwa palepale. Ugonjwa huo ulimfikia chiriku wa dhahabu pia.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye kilishio kichafu mwenyeji yu mzima, mgeni ndiye anayeugua. Mwanzoni mwa mwaka 2021 ugonjwa mwingine, salmonela, uliwaua ndege wengi wadogo upande wa magharibi, na mamlaka ya wanyamapori ya jimbo la Washington, jimbo lenyewe ambalo nembo yake ni chiriku, iliwaomba wakazi washushe vilishio vyao. Ukarimu wakati ule ulikuwa kuondoa sahani mezani. Katika siku za kawaida kazi ni ndogo, lakini haina likizo: kila baada ya wiki mbili chombo kifunguliwe, kisuguliwe, kiloweshwe katika maji yenye dawa ya kuondoa madoa, sehemu moja ya dawa kwa tisa za maji, kisuuzwe na kukauka kabisa kabla ya kujazwa. Maganda yaliyorundikana chini nayo yazolewe.

Mahali pa kutundika ni suala la uhai vilevile. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba vioo vya majengo huua kati ya ndege milioni 365 na 988 kwa mwaka nchini Marekani; mwingine wa mwaka 2013 uliwahesabia paka kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4. Kwa hiyo kilishio kiwe ndani ya mita moja kutoka dirishani, ili ndege akishtuka asipate mwendo wa kujigonga kwa nguvu, ama kiwe mbali zaidi ya mita 10. Na paka alale ndani.

Anayefanya haya yote hupata kitu ambacho mwenye kizimba hakuwa nacho. Kundi la leo si lazima liwe lile la jana. Majira ya baridi chiriku hutangatanga, wengine wakishuka kutoka kaskazini, wengine wakisogea kusini. Dume na jike waliooana hufananisha milio yao ya kuruka mpaka haitofautiani, na hutambuana kwayo hewani. Aliyeishi muda mrefu kuliko wote kati ya waliovishwa pete na watafiti alinaswa tena Maryland akiwa na umri wa miaka 10 na miezi 9, akaachiwa aende zake. Hesabu za namna hiyo hufanywa pia na watu wa kawaida madirishani mwao. Mpango wa kuhesabu ndege wa vilishio ulioanzia Ontario, Kanada, mwaka 1976, ulitanuka mwaka 1987 ukalifikia bara zima kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Cornell. Mwaka 2019, wanasayansi walipotangaza kwamba Marekani na Kanada zina ndege pungufu karibu bilioni 3 kuliko mwaka 1970, walitegemea takwimu zilizokusanywa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea.

Januari ya Iowa haina huruma. Chiriku wa gramu 13 huupita usiku kwa kuongeza mafuta mwilini mchana na kutetemesha misuli yake usiku kucha. Maabara zimepima uwezo huo: aliyezoea msimu wa baridi aliweza kutunza joto la mwili wake kwa saa sita hadi nane katika baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri, ilhali wa kiangazi hakumaliza hata saa moja. Alfajiri anahitaji kula mapema. Theluji imefunika kila kitu, isipokuwa mashina yale ambayo mkasi haukuyagusa Agosti. Vichwa vyake vyeusi vimejitokeza juu ya weupe, na ndege watano wa rangi ya vumbi wanayumba juu yake. Chini yao theluji imenyunyiziwa maganda, na mbegu kadhaa zilizowaponyoka.

Mwezi wa Mei, pale hasa, kwenye udongo ambao hakuna aliyeupandia kitu, miche ya alizeti huwa imetoa majani mawili mawili. Mwenye ua anapita na jembe, anasimama, anaizunguka.